Njia ya Mama Deo Chini ya Lami

Walimu wenzangu wa michezo mnaobaki kazini, nimekabidhi filimbi juzijuzi, na ofisa aliyekuja kuniaga alisema kwenye hotuba yake kwamba mimi ni mwanamke jasiri. Nusura nipaliwe na soda. Kazi ya kufundisha watoto mbio ndefu juu ya lami, tena wakati wa mvua, nimeifanya kwa kushtuka tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kama yumo kati yenu asiyeiogopa barabara, namwomba kwa heshima ahamie netiboli.

Vyeo sitaviandika, havikuwa vingi. Vikombe navyo viko ofisini kwa mkuu wa shule, vinahifadhi kalamu. Nitaandika yale ambayo hakuna aliyeniambia nilipoanza, au waliniambia nikawa sisikii.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Rulenge. Nilifika nikiwa na raba nyeupe mpya, nimezinunua maalumu kwa ajili ya kazi, na siku hiyohiyo mvua ikanyesha kwa hasira. Nilifunga dirisha la ofisi nikijua mazoezi yamekufa. Kuchungulia nje, naona watoto wanatimua mbio barabarani. Pekupeku, kwenye udongo mwekundu uliokuwa umegeuka uji, na nyuma yao mzee mmoja aliyevaa kiroba cha mbolea kilichotobolewa matundu ya kichwa na mikono. Nilitoka nje nikiwa na hakika wanakimbia nyoka.

"Shikamoo, Mwalimu! Wanakimbia nini?"

"Marahaba. Wanakimbia mazoezi. Wewe ndiye mwalimu mpya wa michezo?"

"Ndiyo, lakini mvua hii..."

"Siku ya mashindano nayo itanyesha. Vua hizo raba, zitakuangusha."

Nilivua. Nikaanguka vilevile.

Huyo alikuwa Mwalimu Bonifasi, wa jiografia kwa cheti na wa riadha kwa mapenzi. Kila ninachokijua kuhusu kukimbia kwenye mvua nilikitoa kwake. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kiatu kilicholowa hakikaushwi kwenye figa, kinapasuka. Unakijaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, asubuhi unayatoa yakiwa yamekunywa maji yote. Mafuta ya mgando yapakwe katikati ya vidole, mapajani na kwapani, kwa maana nguo mbichi inakwaruza ngozi na mtoto anaona aibu kusema inapomuuma. Koti zito likilowa ni sawa na kumbeba mdogo wako mgongoni. Ukimaliza kukimbia, badilisha nguo kwanza, hadithi baadaye, na uji uwe wa moto.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la masikio. Watoto wakijifunika kofia za majaketi alikuwa anazivuta nyuma mwenyewe. "Vaa kapelo, mvua isikuingie machoni," alikuwa akisema, "lakini masikio yaache wazi. Kwenye mvua macho yanapungua. Ukifunika na masikio, unakimbia na nini?" Mimi nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikika. Yeye mwenyewe alikohoa mwaka mzima na hakukosa mazoezi hata mara moja.

Kutoka hapo nilihamishiwa Biharamulo mjini. Nilifurahi, kwa sababu mjini kuna lami, na lami haina matope. Mvua ya kwanza tu, wasichana watatu walianguka kwa mkupuo pale karibu na soko, kwenye mistari myeupe ya kuvukia. Nilishika kichwa. Rangi ile ikilowa ni sabuni. Nikajifunza pia kwamba mvua inapoanza ndipo ina hatari zaidi kuliko ikishanyesha sana, kwa sababu mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye magari, hasa karibu na stendi ya mabasi, yanaelea juu kabla hayajaoshwa. Subirini yaoshwe. Na dimbwi usilolijua kina usilikanyage. Msichana wangu mmoja alikanyaga dimbwi kwenye mteremko wa chini ya boma, akazama hadi pajani, akatoka amepoteza raba yake na kupata kandambili ya mtu mwingine.

Mama mmoja muuza samaki alikuwa akituangalia tukipita kila mvua ikinyesha. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, samahani, hawa watoto wamefanya kosa gani?"

"Hakuna kosa, mama. Wanapenda wenyewe."

Safari hiyo aliyeshtuka ni yeye. Aliacha hata kufukuza nzi.

Ndipo nikapelekwa kwenye shule yangu ya mwisho, Ngara, jirani na barabara iendayo Rusumo. Nilidhani nimeshaona barabara. Sikuwa nimeiona. Hapo malori yanapita mchana kutwa, yakitoka mpakani na kwenda mpakani, na yakipita kwenye mvua yanakumwagia maji kama mtu aliyekulenga. Vijana wanaosomba ndizi kwa baiskeli wakifika kwenye kilima wanashika nyuma ya lori ili liwavute, mkono mmoja kwenye chuma, mkono mwingine kwenye usukani. Siku ya kwanza kuliona hilo nilipiga kelele peke yangu barabarani. Yule kijana aligeuka akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo, mama," huku akivutwa.

Kuna jambo jingine la pale ambalo mgeni halijui. Ng'ambo ya daraja, Rwanda, magari hupita kulia. Huku kwetu hupita kushoto. Dereva akishavuka lazima abadili upande, na kichwa nacho kibadilike. Wakimbiaji wangu niliwaweka kulia mwa barabara, ili kila gari la upande wao waje wakikutana nalo uso kwa uso. Ndiyo kanuni duniani kote, na ni kanuni nzuri.

Pale nilimpata Generoza. Alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, na akikimbia huwezi kusikia miguu yake. Tatizo, alikuwa anakimbia uwanjani tu. Nikimwambia tupande barabarani anatazama chini. Nikamwambia basi anipeleke kwa mama yake nikaombe ruhusa.

Tulitembea hadi kwenye kona moja kali, ambapo barabara imepita juu ya kijibonde. Akaniambia tusimame, mama yake anakuja. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma, sioni mtu. Mara nikasikia kitu kikiburuzwa chini ya miguu yangu. Kwenye mdomo wa kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya lami, likatoka jembe. Baada ya jembe ukatoka mkungu wa ndizi. Baada ya mkungu akatoka mwanamke wa rika langu, amejikunja, magoti yana tope. Akajinyoosha, akajipangusa, akanisalimia kama mtu aliyetokea mlangoni kwake.

Huyo ndiye Mama Deo. Deo alikuwa mwanawe wa kwanza. Alikuwa akisomba ndizi kwa baiskeli, na siku moja ya mvua, akiwa ameshika nyuma ya lori kwenye kilima kilekile, mkono uliteleza na gari lililokuwa likifuata halikuweza kusimama. Tangu siku hiyo mama yake hakuikanyaga lami tena. Nyumba yake iko upande mmoja wa barabara, shamba liko upande wa pili, kwa hiyo alikuwa akipita chini. Alishatengeneza kijinjia chake kwenye majani marefu, kutoka ukingoni hadi kwenye mdomo wa bomba. Kalavati likijaa maji, upande wowote atakaokuwa, anakaa huko hadi yapungue. Generoza alinieleza hayo yote tukiwa njiani kwenda nyumbani, kwa sauti ya kawaida, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha.

Mama Deo alinipa kigoda na ndizi za kuchoma, akanisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia kwamba mashindano ya mkoa yanakimbiwa kwenye lami, kwamba wachaguzi wanakuja kuwajaribu wasichana, kwamba binti ana kipaji. Akauliza swali moja.

"Mwalimu, una watoto?"

"Ninao, Mama Deo."

"Wanakimbia kwenye lami?"

Generoza alikuwa amesimama mlangoni, anabandua rangi ya mlango kwa kucha.

"Mama, mimi nataka," akasema.

Mama yake akamtazama muda. Kisha akanigeukia. "Huyu asubuhi anatoka hapa kwa miguu yake. Deo walinirudishia kwenye shuka. Huyu utamrudishaje?"

"Kwa miguu yake," nikasema. "Nitamrudisha kwa miguu yake, Mama Deo."

Nilishtuka kusikia kinywa changu kikisema hivyo. Barabara si ya kwangu, malori si ya kwangu, na mvua ni ya Mungu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na yeye alikuwa ameshalipokea.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi alasiri, na mvua ilianza kabla ya wachaguzi hawajashuka garini. Tulisubiri mafuta yaoshwe, kisha tukaanza. Wasichana walikuwa wanapanda kutoka upande wa mpakani. Mimi nilisimama juu ya ile kona kali, mahali ambapo naiona barabara ikipanda, nikiwa na filimbi shingoni. Generoza alitokea wa kwanza, na nyuma yake wawili wanamfuata karibu. Wote kulia, wote macho mbele, kapelo vichwani. Niliona anavyopanda kile kilima kana kwamba hakipo, nikajisemea kwamba huyu tunaye.

Halafu nikaona taa.

Kule chini lori lilikuwa limeegeshwa kulia mwa barabara, pembeni ya banda la mahindi ya kuchoma. Dereva alishanunua, akapanda, akawasha. Alikuwa ametoka ng'ambo siku hiyohiyo, na tangu avuke alikuwa ameendesha vizuri upande wetu, kwa sababu mbele yake kulikuwa na magari ya kuyafuata. Sasa mbele hapakuwa na gari. Alipoondoka pale bandani, mikono yake ikafanya ilivyozoea kwao. Ikabaki kulia. Lori zima lilikuwa linapanda nyuma ya wasichana wangu, upande uleule, na wao walikuwa wanatazama mbele kama nilivyowafundisha.

Kona ile haina mahali pa kukimbilia. Kulia kwao kuna bonde lililofunikwa na majani, kutoka juu huoni chini kuna nini. Kushoto ni katikati ya lami, ambako dereva akishtuka ndiko angelipeleka lori. Nilipuliza filimbi. Ilitoa sauti ya mtu anayesukutua maji mdomoni. Zile filimbi zenye kigololi ndani, kikilowa hakizunguki. Tafadhali nunueni zisizo na kigololi. Nikaitupa, nikapiga kelele hadi koo likachanika, na mvua ikazimeza zote. Miguu yangu haikusogea. Nilikuwa naangalia kitu ambacho nilikuwa nimeahidi hakitatokea.

Nikamwona Generoza ameinua kichwa. Hakuniona mimi, hakutazama kwangu. Alikuwa anasikiliza. Baadaye aliniambia kwamba sauti ya lori ilikuwa imekaa pabaya. Malori yanayotoka nyuma siku zote aliyasikia sikio la kushoto, na hili lilikuwa moja kwa moja mgongoni. Akageuka mara moja tu. Kisha akawadaka wenzake wawili nguo zao, na wote watatu wakatoweka.

Lori lilipita pale walipokuwa. Likalia breki, likaserereka, likasimama karibu nami likiwa limekaa upandeupande. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushuka mbio. Katikati ya lami palikuwa na kiatu kimoja. Nilikijua. Ndani yake mlikuwa na kipande cha gazeti kilichosahaulika, gazeti nililolikunja kwa mkono wangu jana yake. Nikakaa chini palepale, kwenye maji, nimekipakata kile kiatu. Sikuwaza mashindano, sikuwaza kazi. Nilimwaza mwanamke mmoja anatoka chini ya barabara na mkungu wa ndizi, na mimi nimesimama namsubiri.

"Mwalimu! Tuko huku!"

Sauti ilitoka chini yangu. Nilitambaa hadi ukingoni, nikapenua majani. Walikuwa kwenye mdomo wa kalavati, maji magotini, wameshikana na kushika mizizi, wanatetemeka, wazima. Generoza mguu mmoja ulikuwa peku na unatoka damu.

"Mliionaje njia kwenye mvua hii?" nikauliza, kwa maana kutoka juu hakuna mtu anayeweza kuiona.

"Ni njia ya mama," akasema.

Yule dereva alikuwa ameshuka, mtu mzima mwenye mvi, ameshika hindi lake bado, hajui ameshika nini. Alikuwa anawahesabu watoto wanavyopanda, na alipomwona wa mwisho akapiga magoti barabarani. "Mama, mkono umesahau," akaniambia. "Mimi sijasahau, mkono umesahau." Nilikuwa nimekusudia kumpiga. Nikajikuta nimemshika bega. Naye mchaguzi mmoja akaja na mwavuli wake akauliza kama majaribio yanaweza kurudiwa mvua ikikatika. Nilimjibu neno ambalo siwezi kuwaandikia hapa, kwa kuwa baadhi yenu mnasali.

Mguu wa Generoza ulivimba. Baada ya kumfunga kitambaa nilimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake, tukaenda kwao. Karibu na migomba ya mwanzo akamgonga mwenye bodaboda begani.

"Kaka, simama. Mimi nashukia hapa."

"Nyumba bado, Generoza," nikamwambia. "Mguu huo hauwezi."

"Mwalimu, wewe ulimwambia mama kwa miguu."

Akashuka. Akanishika mkono, akatembea. Kila hatua aliuma meno, na mimi nilikuwa naomba Mungu anionee huruma, kwa sababu sijapata kuona heshima ya namna ile nikipewa mimi.

Mama Deo alikuwa barazani anapukuchua maharage. Hakututazama nyuso. Alitazama miguu ya mwanawe, mmoja, halafu mwingine.

"Kiatu kiko wapi?"

"Ninacho mimi, Mama Deo," nikasema, nikakitoa kwapani. Kisha nikamweleza yote, lori, filimbi, kona, njia yake. Sikupunguza kitu. Akamwita Mungu wake kwa kilugha chao, "Yoo, Mana yanje," taratibu sana. Akachemsha maji, akatia chumvi, akauweka ule mguu mapajani mwake akauosha. Alipomaliza akaniambia, bila ukali, "Nenda, Mwalimu. Mvua inaongezeka."

Nilielewa kwamba nimeagwa. Nilikwenda nikijua kwamba mbio za barabarani zimekwisha, na kwamba ana haki.

Mazoezi yaliyofuata sikuyatangaza. Lakini watoto hawangoji tangazo. Mvua ilianza, na nikasikia kwamba wameshaelekea barabarani. Nilitoka shuleni mbio niwazuie. Nilipofika juu ya kona nikasimama, nikajifuta macho, maana sikuamini.

Mama Deo alikuwa amesimama juu ya lami. Si ukingoni. Juu ya lami, peku, kiroba mgongoni, mkononi ameshika fito ndefu iliyofungwa kanga nyekundu kwenye ncha. Generoza alikuwa amekaa kwenye tuta la udongo nyuma yake, mguu umefungwa, anamtazama mama yake na mdomo wazi.

"Mama Deo," nikasema.

"Wewe ukiwa huko juu huioni kona yote," akasema. "Mimi hapa naiona. Gari likija vibaya nitainua hii. Siku ambayo hunioni hapa, wasikimbie."

"Sawa, mama."

"Na usiniahidi tena."

"Siahidi tena."

Tukasikia watoto wanakuja kule chini. Hakugeuka upesi. Alikuwa anatazama miguu yake, maji ya mvua yakipita katikati ya vidole.

"Mwalimu, lami ni baridi hivi?" akaniuliza. "Deo alilala kwenye baridi hii?"

Nilivua raba zangu, nikavua na soksi, nikasimama pembeni yake tukawasubiri watoto. Ni kweli, ilikuwa baridi.